Nakala ya Mama

Juzi, nikipakia kurasa kwenye seva kazini, mvua ilipiga bati nikamkumbuka baba. Alasiri moja ya utoto wangu tulikuwa intaneti kafe ya Muleba, iliyonuka kahawa ya maganda iliyokuwa ikianikwa nje, ikaingizwa ndani kukwepa mvua. Alikuwa akituma mtandaoni ukurasa wa kumbukumbu ya mama, wenye picha zake, ili ndugu walio mbali wamwone. Mstari wa kijani wa kupakia ulipoanza kusogea kwenye skrini, nikalia.

"Baba, usimpeleke mbali. Tulimzika kibanjani, shambani petu, ili abaki kwetu."

"Inakwenda nakala tu, mwanangu. Mama yuko nyumbani Izigo, kwenye migomba."

Sikumwamini. Nilidhani kinachotumwa huondoka.

Sasa najua nakala ni nini. Ukurasa ule haufunguki tena, na kompyuta ya baba iliyotunza picha zenyewe ilishakufa. Mama yuko palepale migombani, nami nimeanza kuisahau sura yake.