Mpiga Picha Aliyechukuliwa kwa Uzito Wake

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Studio yangu ni chumba kimoja huko Kayole, na kwa miaka mingi maji pekee niliyowahi kuyapiga picha yalikuwa ya ubatizo.

Aliyenipeleka ziwani ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, karani wa ofisi moja ya mjini. Kwao ni Ukambani, mahali ambapo mito huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Rafiki wa kazini alimpandisha mashua ya tanga siku moja kule Naivasha, na tangu hapo hana hadithi nyingine. Yeye na mwenzake walinunua mashua kuukuu ya watu wawili, wakaipaka rangi ya chungwa, wakajiandikisha kwa mashindano. Akaniomba nikawapige picha. Tulikubaliana kwamba nitakaa ufukweni na lenzi yangu ndefu.

Siku yenyewe upepo ulichachamaa. Mafunjo yalilala chini, na hema la muuza chai liling'oka likabaki limeshikilia kamba moja. Kisha mwenzake akapiga simu kusema mgongo umemshika, hawezi hata kuinuka kitandani.

Jirani yangu aliweka simu mfukoni, akaniangalia juu mpaka chini jinsi fundi wa nguo anavyomwangalia mteja.

"Dada, una kilo ngapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetumaini jibu kubwa. Nilimwambia ukweli, na uso wake ukang'aa. Alinieleza kwamba upepo ukilikumba tanga, mashua hulala upande, na lazima mtu akae kwenye ukingo wa juu ajitupe nje kwa mgongo ili kuirudisha. Watu wembamba wangepata taabu siku ile. Nilimwambia kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Akanionyesha boti ya injini iliyokuwa ikizunguka kuokoa watu, akasema nikikataa hatanilaumu. Nikakubali kabla sijafikiri sana.

Jaketi la kuokolea lililonitosha lilipatikana baada ya kupekua rundo zima. Lenzi ndefu niliiacha kwa muuza chai. Kamera nikaivika mfuko wa mkate wenye tundu la lenzi, nikaufunga kwa raba.

Honi ilipolia, mashua ilinyanyuka upande wangu nikajiona niko juu kama mtu aliyekaa ukutani. Miguu yangu ilikuwa chini ya mkanda uliofungwa sakafuni, na mgongo ulining'inia juu ya maji. Picha zangu za kwanza ni za mawingu, goti langu, na sikio la jirani yangu. Kisha nikaona kwamba kabla upepo haujatufikia, maji hubadilika yakawa meusi pale unapopita. Weusi ukija, nilijitupa nje. Ukipita, nilipiga. Ilikuwa kama harusini, unasubiri bibi arusi amalize kupangusa machozi, halafu unabonyeza.

Mashua mbili zilizokuwa mbele zilipinduka moja baada ya nyingine. Wenyewe waliibuka wakicheka, wakapanda juu ya ubavu kuzisimamisha, nami nikawapata wote wanne wakitiririka maji. Kwenye boya la kugeukia, jirani yangu aliniambia niiname nivuke upande wa pili. Nilivuka kwa tumbo nikakaribia kumkalia. Nilipoinua kamera, mashua ya buluu ilikuwa karibu kiasi cha kuigusa, na kofia ya nahodha wake ilikuwa hewani, yeye akiitazama kwa huzuni.

Tulipoingia kipande cha mwisho, jua lilitoka na matanga yote yakawaka. Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera.

"Iweke, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nakuhitaji mzima."

Niliisukuma ndani ya jaketi nikalala nje mpaka nywele zikagusa maji. Mashua ilitulia, ikakimbia. Nilihisi mbio zake kwenye mbavu zangu, nikawa nacheka bila kujua ninacheka nini. Tuliipita ile ya buluu, tukamaliza wa tatu, na picha ya hayo yote sina.

Kesho yake mikono ilikataa kuinuka. Jirani yangu alinipandishia sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, tukala tukitazama picha kwenye kompyuta. Alichagua moja akiwa ameshika usukani, ziwa limejaa nyuma yake, akamtumia mamake kijijini. Mama alipiga simu papo hapo. Hakuuliza habari za mashindano. Aliuliza maji yote yale ni ya nani.

Jirani yangu alicheka hadi akaweka sahani chini, kisha akaanza kumweleza, kwa Kikamba, polepole, toka mwanzo.