Mtoto wa Kwanza Kwenye Fomu

"Mama, sijasema wewe ni mwongo. Nimesema watu wa uhamiaji wataona ni uongo. Hayo ni mambo mawili."

"Nikuandike nani basi? Jirani?" akaniuliza, akiendelea kukata sukuma wiki.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tuko jikoni kwetu Silver Spring, Marekani. Kuna mji mdogo huko Kanada unaotafuta watu wa kutunza wazee. Ukikubali kuhamia na kukaa huko, mkoa unakuunga mkono upate makaratasi ya kudumu, wewe na watoto wako. Mama anatunza wazee hapa, lakini kibali chake cha kazi kinaisha mwezi ujao, na wakili ameshasema hapa hakuna njia nyingine. Fomu zinatakiwa kesho saa sita mchana. Mimi ndiye ninayezijaza, kwa sababu Kiingereza cha serikali kinamuuma kichwa.

Penye watoto aliniambia niandike wawili: mimi kwanza, halafu mdogo wangu wa miaka tisa.

Lakini mimi sikuzaliwa naye. Aliyenizaa ni dada yake. Alifariki nikiwa na miaka mitatu, na siku ya mazishi mama huyu akanifunga mgongoni, akaenda na mimi kwake. Hakuna aliyeuliza karatasi. Nani kwetu huenda mahakamani kuomba mtoto wa dada yake? Ungechekwa.

Ijumaa nilimpigia wakili. Akasema wanataka cheti cha kuzaliwa ama hati ya mahakama. Bila hiyo, ukiandika "binti" umedanganya, na maombi yote yanaweza kutupwa. Nina miaka kumi na tisa, mtu mzima tayari, na hati kama hiyo sasa haipatikani tena.

"Huyo wakili ndiye alikuwa anakupangusa kamasi?" mama akasema. "Ama ni jaji?"

Nikacheka. Halafu nikakasirika, kwa sababu nimechoka kueleza kitu hata mimi sikiamini. Nikamwambia, vibaya kabisa, "Kwa sheria mimi ni mtoto wa dada yako tu."

Kisu kikasimama. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

"Basi hatuendi," mama akasema. "Tukae hapa wote bila makaratasi."

Usiku akaingia chumbani kulala. Mimi nikabaki na laptopu, kidole juu ya kitufe cha kufuta jina langu. Angesaini tu. Chochote nikimpa husaini bila kusoma. Nikashindwa. Siwezi kujitoa kwake akiwa amelala.

Viza yangu ya chuo bado ina mwaka. Wao wawili, mwezi ujao hawatakuwa na kitu. Kesho asubuhi, kabla hajavaa viatu vya kazi, nitamketisha, nifute jina langu akiona, nichapishe fomu, halafu nimpe kalamu. Akinitukana, anitukane. Sitaondoka mlangoni mpaka asaini.