Oili ya kufika Boko

Siku hizi oili zimejaa madukani, kuchagua tu ndiyo kazi. Juzi nikiwa duka la oili Keko, mama mmoja alisimamisha pikapu yake abadilishe oili. Alibeba kitanda cha bibi harusi cha kupeleka Boko, na vituoni petroli ilikuwa imekwisha. Alitegemea iliyomo kwenye tangi.

"Chukua hii nzito, mama, inatunza injini," alisema muuzaji.

Mama akachovya kidole, akasugua. "Baba, huu uji! Injini ikihangaika kuukoroga, petroli itaniishia Tegeta. Bibi harusi alale mkekani?"

Akachukua nyepesi. Mie, Mungu anisamehe, nilimcheka moyoni, kisha nikamwomba lifti.

Boko tulipokewa kwa vigelegele. Mama akapigapiga tangi: "Na ya kurudia imo."

Njia nzima nilisoma dua tusikwame. Kumbe mwenzangu dua yake aliimalizia dukani, pale alipochovya kidole.