Mjafari wa Nyuma ya Zizi

Gome la mjafari likichemka hunukia kama ganda la ndimu, lakini ukilionja, uchungu wake hukaa kooni mpaka jioni. Nyumbani kwetu Nyarero harufu hiyo ilijaa jikoni msimu ule wa palizi ya ulezi, kaka yangu Marwa alipojikata muundi kwa jembe. Kidonda kilivimba, kikatoa usaha, na Marwa, bingwa wa kunicheka, akawa analia waziwazi. Bibi, mama yake baba, alikiosha kwa maji ya gome asubuhi na jioni, wala hakuuliza kama yanawasha. Mgonjwa haulizwi uji.

Mjafari ulikuwa mmoja tu, nyuma ya zizi, na bibi alikuwa na sharti lake: gome hubanduliwa upande jua linakochomoza na upande linakozama, basi. Siku moja alikwenda msibani, gome likaisha, nami nikamsikia Marwa akiweweseka kwa homa. Niliogopa atakufa. Nikachukua panga, nikaubandua mti kuuzunguka wote, toka chini mpaka kimo changu, miiba ikinichana mikono. Nilijaza ungo, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Bibi aliporudi aliutazama mti, akautazama ungo, akakaa chini. "Bhoke, mti unakula kwa gome," alisema. "Huu umeufunga mdomo." Hakunichapa. Laiti angenichapa! Tulilichemsha gome lile mpaka likaisha. Marwa akapona, na kabla ya mavuno mjafari ukakauka wima. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Leo nafanya kazi maabara, natafuta ndani ya mimea ya kwetu kitu kinachoua bakteria. Tunaweka kikaratasi kilicholowa maji ya gome katikati ya kisahani tulichooteshea bakteria. Dawa ikiwa na nguvu, panabaki duara safi. Mjafari tulioupata kando ya njia ya Sirari ulitoa duara jembamba, la kutia huruma. Miti hutofautiana. Huenda wa bibi ulikuwa na nguvu zaidi, huenda Marwa aliponywa na mwili wake tu. Sitajua kamwe, maana mti wa kuuliza niliuua mwenyewe. Bibi hayupo tena. Marwa anatembea vizuri, na kila nikiliona kovu lake nafurahi na kuona haya kwa pamoja. Tukienda kuchukua gome, wanafunzi hushangaa nikiuliza kwanza jua limechomoza wapi. Nawaonyesha pande mbili, wanabandua. Panga mimi sishiki.