Ripoti Niliyoisoma Mbele ya Mwenyewe

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi na kichwa kilichojaa Kifaransa. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa mwanafunzi wa udaktari hapa Bukavu. Profesa wetu wa magonjwa ya akili, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa na desturi yake: ripoti ya mgonjwa hatukumsomea yeye. Tuliisoma mahakamani, mbele ya jaji, mgonjwa mwenyewe akisikiliza.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Maman Vumilia, mkimbizi kutoka Bunyakiri, aliletwa hospitalini na shemeji yake anayeishi Nyawera, mtaa wa hapa mjini, kwa kuwa kila jioni alitoka nyumbani na watoto wake kwenda kulala kwenye migomba. Jaji alipaswa kuamua kama afungiwe wodini au arudi kwa watoto. Nikasoma kwa madaha: anakataa nyumba, anaogopa kitanda, ni kichaa, afungiwe.

Jaji akaniuliza, "Docteur, ulimuuliza juu ya nini analala inje?"

Nilikuwa nimemuuliza tarehe, siku na hesabu za kutoa. Kwa nini analala nje, hilo sikuliuliza.

Maman Vumilia akasimama. "Papa Juge, kwetu, wenye walilala mu nyumba walikufa. Siye wenye tulilala mu pori na batoto, tuko wazima. Nilingoja mutu anionyeshe kama huku watu wanalalaka mu nyumba na wanaamuka."

Niliona aibu, mwanangu, masikio yakawaka moto. Profesa akaninong'oneza tu kwamba kalamu bado iko mkononi mwangu. Basi nikameza kiburi changu, nacho hakikuwa kidogo. Nikamwambia jaji nimekosea: mama huyu ana hofu yenye sababu, tutamtibu akiwa kwake. Nikaifuta mistari yangu mbele ya watu wote.

Jaji akaamua arudi nyumbani. Mama akatoka na watoto wake waliokuwa wakimngoja mlangoni, mdogo mgongoni na mkubwa mkononi, nasi wanafunzi tukapiga makofi mahakamani, hadi jaji mwenyewe akacheka. Nimefaulu mitihani mingi tangu hapo, ila furaha ile sijaipata tena.

Kwa hiyo wewe unayevaa koti jeupe leo, kabla hujaandika kwamba mtu ni kichaa, muulize alikotoka na alivyonusurika. Andika maneno unayoweza kumsomea usoni. Ukikosea, sema hadharani, mtu asifungiwe kwa ajili ya haya zako. Mungu akupe masikio yenye subira, na wagonjwa wako warudi kwao wakiwa wameshika mikono ya watoto wao. Amina.