Shahidi wa Tatu

Siku ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura, jirani yangu, mama anayeuza samaki wakavu mbele ya ua wangu, alikuja kuniomba nishuhudie kwamba yeye ni Mkongomani. Hakuwa na karatasi hata moja. Tangazo la kituoni lilisema asiye na karatasi alete mashahidi watatu wa mtaa wake, waliomfahamu kwa miaka mitano. Wawili alikuwa nao. Bila kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, polisi walimshusha garini kwenye kila kizuizi alipokwenda Kasenga kununua samaki.

“Papa, weye uko muntu ya masomo,” alisema. “Neno yako batalipokea mbio.”

Sikushangaa kuchaguliwa. Katika barabara yetu nzima ni mimi tu niliyevuka mpaka wa Kasumbalesa na begi moja nikarudi na diploma ya umeme, na hakuna mjomba aliyenilipia. Katiba nimeisoma yote, haki na wajibu, wakati majirani wanaisikia redioni tu. Lakini mtu akinisifu asubuhi, najiuliza anaficha nini.

Na huyu nilikuwa nikimshuku. Nilishamsikia kwenye simu akiongea Kibemba, si hiki chetu cha mjini, bali cha upande wa pili wa mpaka, ambacho niliishi nacho miaka kumi na moja. Njiani nikaanza kumhoji.

“Ulizaliwa wapi, mama?”

“Hapa hapa. Karibu na kambi ya reli.”

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo nikamtega. “Basi karatasi ya hospitali ya kampuni iko wapi? Watoto wote wa kambi tulipewa.”

“Shie hatukuandikwa. Baba alikuwa kibarua. Asubuhi anasimama ku mulango ya kampuni, bakimuchagula anaingia, bakimuacha anarudi. Miye nilizaliwa mu nyumba.”

“Na Kibemba kile?”

“Bwana yangu alinioa ku Kitwe, ngambo ya mupaka. Alikufa, nikarudia kwetu, miaka saba sasa.” Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa. “Weye ulirudi, banakuita bosi. Miye nilirudi, banaomba karte.”

Jibu lilikuwa safi mno. Majibu safi mno nimeyasikia sana mpakani.

Kituoni karani alinipa fomu. Umemfahamu tangu lini? Hapo nilikwama, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi Lubumbashi miaka mitatu tu iliyopita.

“Andika tano, patron, tumalize kazi,” karani alisema.

Nilimwangalia usoni. Kesho fomu ile ingeweza kuwa mezani kwa nani, na sahihi yangu chini yake? Tena diploma yangu sikuipata kwa kuandika nisichokijua. Niliandika mitatu. Karani akaisukuma fomu pembeni.

“Papa, unaniua,” mama alisema taratibu.

Saa ya kufunga ilikuwa inakaribia. Nikatoka nje kwenye foleni ya uwanjani, nikauliza kwa sauti ni nani anayemfahamu mama huyu kwa miaka mitano. Watu wakatazama viatu vyao. Sikuwalaumu, nami ningefanya vivyo hivyo. Kisha mwanamke anayeuza makaa kwenye kona yetu akainuka, kadi yake mkononi.

“Miye namujua tangu tuko batoto. Baba yake na yangu balisimama ku mulango moja.”

“Mbona ulinyamaza muda wote huu?” nilimuuliza.

“Hakuniuliza. Alitaka shahidi ya diploma.”

Foleni nzima ikacheka. Muuza makaa akaingia, akaweka kidole gumba, na haikupita nusu saa kadi ikatoka. Jirani yangu aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho, akampa mwenzake aitazame. Wakaondoka wameshikana mikono.

Mimi nilibaki. Nilimwomba karani fomu yenye jina langu. Akasema haina kazi tena, niende nyumbani. Nikasema nitangoja. Nilisimama pale mpaka akaichana mbele yangu, mara mbili, na vipande nikavitia mfukoni.