Nguo za Kuogelea Zilizolegea Mbele ya Mgeni Rasmi

Aibu yangu mnaijua nusu tu, kwa sababu mji wa Singida ukishakubandika jina hauji kukuuliza upande wako, na mimi nilibandikwa la Mama Yeyusha, nikalibeba miaka, nikienda sokoni kununua nyanya nalisikia nyuma ya mgongo, kwa hiyo leo kaeni niwasimulie mwenyewe, na nawaambia mapema kabisa kwamba nitasimulia kwa hasira maana hasira yenyewe haijaisha.

Zilikuwa zile enzi za ruksa, mashirika ya umma yanauzwa, mume wangu Jumanne kapunguzwa kazi kama wenzake na kuingia biashara ya alizeti, wiki nzima yuko Ulemo au Nduguti anahangaika na magunia, mimi nimebaki Utemini kwa wakwe na watoto. Mji nao ulikuwa unafunguka, maduka mapya, marobota ya mitumba, na tajiri mmoja akajenga hoteli yenye bwawa la kuogelea, watu wakawa wanakwenda Jumapili kulitazama tu kama wanavyokwenda kutazama mpira. Sasa wenye kutaka kuingia ndani wataingia na nini? Mmoja alikuja na suruali ya mgambo, mwingine na kaptula ya jinzi iliyochujia rangi bwawa zima, meneja akapiga marufuku, bila nguo ya kuogelea huingii. Hapo ndipo nikapata akili (au niliyodhani ni akili). Kwenye mitumba nguo za kuogelea zilikuwa zinatupwa pembeni, hakuna aliyezitaka, nikaziokota taratibu, za kike, za kiume, nikaweka meza yangu pembeni ya bwawa, nikawa nakodisha.

Baba mkwe, Mzee Salum, hakupenda. Mzee Salum alikuwa muuza khanga na vitambaa mjini, mtu wa safu ya kwanza msikitini, aliyezaliwa Pangani akaja bara kijana na kuoa huku, na neno lake nyumbani lilikuwa la mwisho. Aliniita mbele ya familia nzima.

"Zaituni mwanangu, ni kweli unakodisha chupi?"

"Si chupi, baba. Ni nguo za kuogelea."

"Zinavaliwa wapi?"

(Ungekuwa wewe ungejibu nini?) Wifi yangu Mwajuma akacheka mpaka akakohoa. Lakini Jumanne aliniunga mkono, alizeti ilikuwa haijalipa, Mzee akasema haya, fanyeni, ila mimi nisisikie habari zake humu ndani.

Sasa msije mkasema nilikuwa sijui kazi yangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi! Nilikuwa na dada yangu Rukia, mfuaji kwenye hoteli moja Tanga, alinifundisha kila kitu alipokuja kututembelea. Ile dawa ya bwawa, klorini, inatafuna mpira wa nguo kama mchwa, kwa hiyo mteja kabla hajaingia nguo iloweshwe kwanza maji safi, ishibe maji mazuri ili isipate nafasi ya kunywa yale ya dawa, akitoka tu isuuzwe papo hapo kabla haijakauka, usiinyonge kama unakamua tui, ikandamize ndani ya taulo, ianike kivulini, sabuni ya unga weka mbali, na nguo iliyovaliwa leo kesho ipumzike. Yote hayo niliyafuata, na nguo zangu zilidumu, wateja wenyewe walisema.

Shida ilikuwa maji. Hoteli ilikuwa na kisima chake kirefu na pampu, na bomba liko pale pale karibu na meza yangu, lakini meneja alilitia kufuli. Kufuli kwenye bomba! Nikamwomba kwa adabu zote, ananijibu huku anajipangusa miwani, "Maji ya hoteli ni ya wageni wa hoteli, mama nguo." Hebu fikirieni, bwawa zima limejaa maji ya watu kuchezea, mimi nanyimwa ndoo moja ya kusuuza nguo zinazovaliwa na wageni wake huyo huyo! Basi nikawa napanga foleni ya bomba la Utemini alfajiri, najitwika ndoo kichwani mpaka hotelini.

Ikaja ile semina. Semina ya soko huria, maofisa na wafanyabiashara wa mkoa, hoteli nzima imekodiwa, na siku ya kufunga atakuja mgeni rasmi. Wiki hiyo hiyo bomba la Utemini likakauka. Ijumaa mchana nina rundo la nguo zilizovaliwa siku mbili bila kusuuzwa, nyumbani imebaki ndoo moja, Mwajuma kasimama juu yake kama askari, "Haya ni ya kupikia na ya baba kutawadhia, wewe na chupi zako tafuta pengine." Na kweli, hapo siwezi kumlaumu.

Ndipo nikaamua. Uamuzi mdogo tu, jamani. Nilichota maji ya bwawani kwenye beseni, pale kona ya karibu na meza, nikaloweka nguo zote, nikazifunika na kuziacha stoo mpaka kesho, nikijiambia angalau jasho litatoka. Nisilojua ni kwamba muda mfupi kabla yangu meneja alikuwa kwenye kona ile ile anamimina dawa, kwa sababu maji yalishaanza ukijani na wageni wanakuja, na hakupima, alimwaga kopo baada ya kopo kwa kukadiria kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya shughuli. Asiniambie! Ananiona nachota, yuko pale na ufagio anakoroga, ananipungia mkono! Harufu niliisikia, macho yakanitoka machozi, na mimi kwa ujuzi wangu wote wa Tanga nikasema moyoni, leo maji ni safi kweli.

Asubuhi nguo nyekundu imekuwa rangi ya ufizi. Nyeusi imekuwa kahawia. Nikavuta mpira wa kiuno wa bukta moja, ukaenda, ukarudi polepole kama mtu aliyeitwa na hataki kuja. Kamba za viunoni wateja walishazichukua zamani (sijui walifungia nini, mbuzi labda). Hapo mwenye busara angefunga meza akarudi nyumbani. Mimi nikazianika juu ya bati, juani, na ule upepo wetu wa Singida, ili zikauke haraka.

Mchana semina ikapumzika, wakisubiri mgeni rasmi aje kufunga, jua kali, mwenyekiti wao Bwana Ntandu, mtu mzima mwenye tumbo na sauti ya kanisani, akatangaza kwamba bwawa limelipiwa, nani anaogopa maji? Wakaja mezani kwangu kwa vicheko, mmoja mmoja, wakachagua. Nageuka kumpa mtu wa mwisho, nani huyo? Mzee Salum. Nilisahau kabisa kwamba wafanyabiashara wa mjini walimchagua awawakilishe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakunitazama, alitazama paa. "Nipe ile ya bluu. Ndefu."

Nikampa kwa mikono miwili.

Na nitawaambia jambo, yule mzee alipoingia majini nilisahau kazi. Wenzake walikuwa wameshika ukingo wanarusha miguu kama vyura, yeye akajitosa akazama, akaibukia upande wa pili, akageuka chali, akawa anakwenda bila hata kutoa sauti, mvulana wa Pangani ndani ya ndevu nyeupe. Alicheka! Miaka yote niliyoishi nyumbani kwake sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, nikaona kama nataka kulia kwa furaha.

Ndipo Bwana Ntandu akapanda ngazi ya bwawa atoke. Yeye alipanda, bukta haikupanda. Akarudi majini kwa kishindo kilicholowanisha meza yangu.

"Mama nguo!" anaita kwa ile sauti ya kanisani lakini chini chini. "Mama nguo, njoo hapa. Nguo yako ina nini?"

Kabla sijajibu, mwingine upande wa pili kajishika kiuno, macho yamemtoka. Na mwingine. Mipira yote ilikuwa imekufa kwa pamoja, wameshikilia nguo kwa mikono miwili, hakuna wa kuogelea, hakuna wa kutoka, vichwa vimepangana ukutani kama malimao kwenye beseni, na nguo za kubadilisha ziko chumba cha mbele, njia ya kuingilia wageni, na huko tunasikia vigelegele, mgeni rasmi kafika na akina mama wanampokea.

Meneja akaja mbio. "Zaituni, umeniua! Umewavua maofisa nguo!"

"Nimewavua mimi au wewe? Leta mashuka!"

"Mashuka yako kwa dobi."

"Basi leta vile vitambaa vya meza."

"Havitoki! Ile ni meza kuu!"

Wenzangu, mkono wangu uliondoka wenyewe. Sikumpiga, nilimsukuma tu pembeni, nikaenda meza kuu, nikaondoa maua, nikaondoa soda, sahani mbili zikavunjika (hizo nakubali, ni zangu), nikavuta vitambaa vyote vyeupe nikarudi navyo, nikawa narusha kwenye bwawa huku nimefumba macho, mabwana wakajifunga wakatoka mmoja baada ya mwingine, weupe, wanachuruzika, wakipita mbele ya akina mama ambao vigelegele vilikuwa vimekufa midomoni.

Vitambaa vikaisha. Amebaki mmoja, kule kwenye kina, maji mpaka kidevuni.

Nilivua khanga yangu ya juu, nikabaki na gauni na ile ya kichwani, nikatembea kinyumenyume mpaka ukingoni, mkono nyuma.

"Zaituni, umegeuka?"

"Nimegeuka, baba."

"Usigeuke tena."

"Sigeuki."

Akaipokea. Nikasikia maji, nikasikia nyayo. Na hapo hapo mgeni rasmi, ambaye hakuna aliyewahi kumzuia, akatokea kwenye kona na ujumbe wake mzima, akamkuta mwakilishi wa wafanyabiashara wa mjini ndani ya khanga ya mkwewe yenye maua ya waridi, akanyoosha mkono. Mzee Salum akashika khanga kwa mkono wa kushoto, akampa wa kulia, akasema, "Karibu sana mheshimiwa," kwa utulivu kama yuko dukani kwake.

Meneja alinifukuza siku hiyo hiyo, mbele ya watu, akaeleza kila aliyeuliza kwamba nilinunua nguo mbovu. Dawa yake haikutajwa hata mara moja! Bwana Ntandu alisimulia baa zote, mji ukacheka na kunibandika lile la Mama Yeyusha, eti nguo zangu zinayeyukia majini, na Mzee Salum hakunisemesha. Nikipeleka chakula anakipokea mama mkwe. Nilianza kufungasha, nikawaza nimfuate Jumanne Ulemo nikaishi na magunia.

Jumanne aliporudi kikaitwa kikao cha familia. Mwajuma akaanza, tena kwa machozi, "Huyu amemvua nguo baba yetu mbele ya mkoa mzima!"

Mzee Salum akainua mkono. "Mimi sikuvuliwa na huyu. Nguo niliichagua mwenyewe." Akaweka kofia yake sawa, tukadhani kamaliza. "Mlisikia wote kwamba niko majini, na ndugu zangu wa dukani walikuwepo, na rafiki zangu wa msikitini walikuwepo. Waliokimbia walikimbia, waliocheka walicheka. Huyu ndiye aliyenifunika." Halafu akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Sasa niambie. Maji ya kusuuzia alikunyima nani?"

Nikamweleza yote, kufuli, kopo, ufagio, nikalia kwa hasira mpaka mama mkwe akanishika mabega.

Sikurudi tena kwenye biashara ile na sitarudi. Siku hizi nakodisha masufuria na viti vya shughuli, kwa sababu kiti kikivunjika mtu anaanguka akiwa na nguo zake. Nimeapa sitampa tena binadamu kitu cha kuvaa kiunoni kisha nikamtegemea mtu mwingine kwa maji ya kukisuuza. Na yeyote atakayeniambia kosa lilikuwa langu, namwomba kwanza anieleze, kwa utaratibu, anayetia kufuli kwenye bomba pembeni ya bwawa lililojaa maji tumwiteje.